Bi Mwanatumu Aenda Kuzuru Picha

Msambweni nzima, ukitaka kujua kuzuru ni nini, umtazame Bi Mwanatumu. Mtu akilazwa hospitali, yeye huwa wa kwanza kufika na chupa ya uji. Mtoto akizaliwa, hata iwe ni nyumba ya mtu aliyemnunia mwaka mzima, atafika, atakaa mkekani, atampakata mtoto na kumwombea dua. Na akishaingia pahali, hana haraka. Ataulizia wazima na wagonjwa, shamba na mbuzi, kisha atanyamaza, na huko kunyamaza kwake ndiko kunakowafanya watu waseme ya moyoni. Waliofiwa husema kwamba wengine huja kula pilau ya matanga, lakini Bi Mwanatumu huja kukaa nao. Husema hivyo ingawa pilau yenyewe mara nyingi huwa ameipika yeye.

Maana upishi wa shughuli ndio kazi yake. Arusi, hitima, maulidi, akika, popote panapotandikwa busati refu, masufuria ni yake na mwiko ni wake. Mumewe, Abubakar, alikuwa fundi wa mitambo ya sukari kule Ramisi, mtu mpole asiyejua kugombana hata na kuku. Alifariki wakati Yusra, binti yao wa pekee, alikuwa bado mdogo wa kusukwa nywele huku akilia. Tangu hapo mwiko ndio uliolipa karo, ukanunua sare, ukaezeka paa. Watu wakimwona anavyokoroga sufuria la arusi nzima peke yake, husema ana nguvu kama mwanamume. Mwenyewe huwajibu kwamba si nguvu, ni kukosa wa kumpokea mwiko.

Basi huyo Yusra, badala ya kumaliza chuo cha ualimu kama walivyopatana, aliacha katikati akasema yeye ni mchoraji. Mchoraji! Bi Mwanatumu alilipokea neno hilo kama mama aliyeambiwa kwamba bintiye anakwenda kucheza sarakasi. Hakupiga kelele, si tabia yake. Alisema moja tu: "Nyumbani kwangu usiniletee rangi." Yusra akachukua rangi zake akapanga chumba Ukunda, akawa anaandika mabango ya maduka na vinyozi ili apate kula, na muda uliobaki akichora mambo yake. Na mama yake, huyo bingwa wa kuzuru anayeijua milango yote kuanzia Shimoni hadi Tiwi, hakuwahi kukanyaga chumba hicho. Mtu akimwuliza, alikuwa na shughuli.

Walikuwa wakiongea kwa simu. Lakini maongezi gani yale? "U mzima?" "Mzima, Mama." "Umekula?" "Nimekula." Basi. Mtu na jirani wa mtaa wa tatu husemezana zaidi ya hivyo. Na hata hayo yalizidi kupungua. Picha ya Yusra ilipochaguliwa kutundikwa katika Jumba la Picha kule Diani, alimpigia mama yake kumwalika siku ya ufunguzi. Bi Mwanatumu akasema ana arusi. Hakukuwa na arusi yoyote. Yusra akasema, "Haya, Mama," na ile "haya" ilimkaa Bi Mwanatumu kooni kama mwiba wa changu. Alijua mabinti wanavyopotea. Hawaondoki siku moja wakabamiza mlango. Hupunguza simu, hupunguza maneno, mpaka siku moja mama hugundua kwamba habari za mwanawe anazisikia kwa watu.

Na kweli, habari alizisikia kwa watu. Maimuna, mpishi mwenziwe, alikuwa amepita Diani kupeleka sambusa, akaingia Jumbani kwa udadisi wake tu. Alirudi macho yamemtoka.

"Shoga yangu, kumbe umechorwa!"

"Nani, mimi?"

"Wewe hasa. Umekaa kwenye mbuzi unakuna nazi."

Bi Mwanatumu akaacha kuchambua mchele. "Nimechorwaje? Nimetokaje?"

"Mgongo," akasema Maimuna.

"Mgongo na nini?"

"Mgongo tu. Uso hauonekani hata kidogo."

Maimuna alidhani analeta habari njema, maskini. Lakini Bi Mwanatumu hakupata usingizi mzuri. Wapo watoto wanaolalamika kwa mdomo, na wapo wanaochora. Alijua bintiye ni wa aina gani. Na alijua pia ni mgongo upi aliompa mtoto yule utotoni, siku hadi siku, akiinama jikoni kupikia arusi za watu huku nyuma yake mtoto anauliza jambo, na yeye anajibu bila kugeuka. Kama picha ile ni lawama, alitaka kuisoma mwenyewe. Alitaka kujua kama mwanawe amemkasirikia.

Jumanne moja ambayo haikuwa na shughuli, akavaa buibui lake jipya akafika Diani.

Jumba la Picha ni nyumba kubwa ya zamani, ina baraza pana na mbega wasio na adabu wanaokimbizana juu ya paa. Bi Mwanatumu alivua viatu mlangoni. Msichana mmoja mrefu mwenye beji, Beryl, mtu wa bara aliyekuja pwani kufuata kazi, akamwambia hakuna haja ya kuvua, aingie tu, ila asiguse kitu. "Macho tu, mathe," akasema. Bi Mwanatumu hakupenda kuitwa mathe, lakini msichana alikuwa na uso mwema, akamsamehe.

Sasa mtu mwenye hekima yote ile ya kuzuru, ungedhani atajua la kufanya humo ndani. Wapi! Aliingia kama mtu aliyefunguliwa soko lote kwa saa moja. Alitaka kuona kila kitu. Chumba cha kwanza, picha baada ya picha, na kila penye karatasi ya maelezo ukutani alianza kwa kuisoma karatasi, halafu akaitupia picha jicho moja akapita. Chumba cha pili vivyo hivyo. Vinyago, vitambaa, udongo wa kufinyanga, mpaka waya zilizokunjwa zikaitwa kwa jina la mnyama. Alipofika chumba cha mwisho miguu ilimuuma, kichwa kilimzunguka kama aliyekula katika arusi tatu kwa siku moja, na picha ya bintiye ikamkuta amekwisha. Aliona doa kubwa la rangi ya udongo. Akalitazama, likageuka kuwa mgongo. Akasoma karatasi: jina la Yusra, jina la picha, "Uani". Basi. Mgongo kweli, akasema moyoni. Akatoka.

Beryl alimkuta amekaa kwenye ngazi za baraza akijisugua vifundo vya miguu. Akamletea maji.

"Umeenjoi, mathe?"

"Nimeona vyote," akasema Bi Mwanatumu, "na sikumbuki hata kimoja."

Beryl akacheka, akakaa ngazi ya chini yake. "Wengi huja hivyo hivyo. Hata mimi mwanzoni. Unakula kila sahani halafu hushibi. Sasa mimi huwaambia watu, chagua moja. Moja tu. Keti hapo mbele yake. Karatasi usisome kwanza, maana ukishaisoma utaona kile umeambiwa. Ukichoka, toka nje upige chai, urudi. Na ukitaka sana, kuja wiki ingine, uangalie ile ile."

"Ile ile? Kwani itakuwa imebadilika?"

"Picha, hapana," akasema Beryl. "Wewe ndio utakuwa umebadilika."

Bi Mwanatumu aliondoka akiguna. Picha haisemi, alijiambia, sasa nikae nayo ifanye nini? Lakini kesho yake alikwenda kumtazama bibi mmoja mgonjwa aliyepooza, asiyeweza kutamka neno, akakaa naye asubuhi yote kama kawaida yake. Akamfuta mdomo. Akamtazama anavyokunjua kidole akitaka dirisha lifunguliwe, akamfungulia. Akiwa njiani kurudi ndipo lilipomjia, akasimama katikati ya njia peke yake akacheka kwa sauti. Kumbe kazi hii anaijua! Ni nani aliyempa haki ya kupita mbele ya wale wote pale Diani bila hata kuketi? Angefanya hivyo katika nyumba ya mtu, angetangazwa Kwale nzima kwamba hana adabu.

Jumanne iliyofuata alikwenda moja kwa moja hadi chumba cha mwisho. Mbele ya picha akasema "Hodi" kwa sauti ndogo, Beryl akamsikia akauma mdomo asicheke. Akaketi kwenye benchi, akatoa pumzi, akaanza kuulizia habari.

Kwanza aliuliza kuhusu mgongo wenyewe. Bega la kushoto lilikuwa chini kidogo ya la kulia. Bi Mwanatumu akajishika bega. Ni kweli, liko hivyo tangu alipoteguka akishusha sufuria, lakini hakujua kwamba kuna mtu amewahi kuona. Kisha akauliza kuhusu leso. Mwanzo ilionekana nyekundu tu, lakini alivyozidi kukaa akaona imepauka pale inapofungwa, na akaikumbuka, ni ile aliyopewa siku ya arobaini ya Abubakar, akaivaa mpaka ikachanika. Akasogea karibu, rangi zikawa matope matupu. Akarudi nyuma hadi ukutani, nazi ikatokea nyeupe mkononi. Akafumba jicho moja. Mtu angemwona angesema mama wa watu amerogwa.

Akatoka, akanywa chai barazani, akarudi. Akaja tena Jumanne nyingine, na nyingine. Alijifunza kuja asubuhi kabla ya jua kuingia dirishani na kuing'arisha rangi. Alijifunza kwamba siku akiwa na hasira haoni kitu, heri abaki nyumbani. Siku nyingine aliizuru picha ya jirani kwanza, boma la ng'ombe kwenye vumbi kavu, akakaa nayo kwa adabu kama mtu anayemsalimu jirani kabla ya kuingia kwa ndugu yake. Nayo alianza kuipenda, ingawa hakuwahi kufuga hata mbuzi. Kwa Yusra hakusema neno. Kila alipotaka kumwambia kwenye simu, akamwuliza kama amekula. Angesema nini? Kwamba alidanganya kuhusu ile arusi? Kwamba kila wiki anakaa kuutazama mgongo wake mwenyewe akiuliza kama ni chuki?

Yeye akiwa mpishi, hutazama sufuria kwenye kingo, maana pilau huungulia pembeni kwanza. Siku moja akaamua kuitazama picha hivyo hivyo, aache katikati, azunguke kingo. Na kule pembeni chini, karibu na mguu wa meza, pahali penye giza ambapo alidhani hakuna kitu, akaona mstari wa ukili. Akainama. Ilikuwa kawa. Kawa ndogo imefunika sahani, na sahani imesogezwa mbali na vyungu vya shughuli, imewekwa peke yake.

Bi Mwanatumu akakaa kitako sakafuni.

Ile sahani aliijua. Alikuwa akiitenga kila siku, kabla ya kumpakulia bwana arusi au shehe au nani, sahani ya kwanza kabisa, akaifunika kwa kawa ili mtoto akitoka chuo cha Kurani aikute. Hakuwahi kumwambia mtoto kwamba ndiyo ya kwanza. Hakuwahi kumwambia chochote, alikuwa na kazi. Na mtoto aliona. Miaka yote hiyo amesimama nyuma ya mgongo ule akiona. Bi Mwanatumu alilia ndani ya ushungi wake, kimya kimya, na Beryl, Mungu ambariki, akajifanya anapanga viti.

Furaha ile ndiyo iliyomponza.

Jumanne iliyofuata alikuta chumba kimejaa. Hoteli moja ilileta wageni wake, wazungu kwa Wakenya wa Nairobi, na wote wamejipanga mbele ya "Uani". Mwanzo Bi Mwanatumu alijisikia kama mwenye arusi. Akasimama nyuma yao amekunja mikono, kidevu juu. Halafu akaanza kusikiliza wanavyosema.

"Hii ndiyo picha bora kabisa humu ndani," akasema bibi mmoja mwenye miwani ya jua kichwani. "Huyu msichana atafika mbali sana."

Akanyamaza hapo. Hakusema mashallah. Bi Mwanatumu akangoja, pengine itakuja. Haikuja. Mwingine akasema mikono ya msichana huyo ni ya dhahabu. Mashallah, akanong'ona Bi Mwanatumu kwa niaba yake. Wa tatu akapiga mluzi. Mashallah. Mzungu mmoja akaguna kwa tamaa hasa, ametoa macho. Mashallah, mashallah. Lakini yeye ni mmoja na midomo ni mingi, na sifa zilimiminika tupu, bila kinga, juu ya kazi ya mwanawe. Kule kwao mtoto mzuri hasifiwi hivyo. Mama mwenye akili humwita mwanawe "kibaya changu" mbele za watu, na kabla hajamtoa nje humpaka doa la wanja kwenye paji la uso, lisilopendeza, ili jicho la husuda likutane na doa lile kwanza na liishie hapo. Yusra mwenyewe alipakwa mpaka alipoanza kukimbia. Kwa sababu hiyo hiyo, kusema kweli, hakuwahi kuambiwa na mama yake kwamba chochote chake ni kizuri.

Wageni walitoka. Mbega wakaangusha kitu jikoni, Beryl akakimbia kuwafukuza. Aliona hakuna haja ya kumwachia mtu mwingine ulinzi. Si yupo Bi Mwanatumu, mgeni mwaminifu kuliko wote?

Bi Mwanatumu akatoa kikebe chake cha wanja mkobani. Alisita, maana picha haina paji la uso. Akachagua pembe ya juu, kwenye kipande cha mbingu. Akasema Bismillahi, akagusa kwa kidole, doa jeusi la ukubwa wa mbegu ya papai. Moyo wake ukatulia kabisa. Akaenda nyumbani akalala kama mtoto.

Yusra alipiga simu Alhamisi. Bi Mwanatumu alikuwa uani kwa watu, amezungukwa na moshi, mchele wa arusi umeshaingia sufuriani.

"Mama," sauti ilikuwa ya kulia. "Wameichafua picha yangu. Mtu ameipaka kitu cheusi, makusudi. Bwana Lewis, mkuu wa Jumba, anasema msichana wao wa zamu, Beryl, hakulinda, anataka kumfuta kazi. Beryl analia tu. Anasema chumba kile hakuingia mtu mbaya." Akavuta pumzi. "Sijui kwa nini nakwambia wewe. Hata picha yenyewe huijui."

Hapo mtu angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemwona, na hakuna aliyemwuliza. Bi Mwanatumu alitazama mchele unavyochemka, akatazama mwiko. Kisha akafanya jambo ambalo halijawahi kuonekana Msambweni tangu aanze kupika. Akamkabidhi Maimuna mwiko mchele ukiwa motoni, akajifunga ushungi akaondoka. Maimuna alibaki mdomo wazi. Inasemekana mchele ule uliungua kidogo, na watu wakaula kwa heshima.

Aliwakuta wote watatu mbele ya picha. Bwana Lewis, mtu mzima wa upande wa Mackinnon Road, mikono nyuma, ndita usoni. Beryl macho yamevimba. Na Yusra, amekonda, ana rangi kwenye kucha, akamwona mama yake mlangoni akaduwaa.

"Shikamoo, Mama. Umefuata nini huku?"

"Marahaba, mwanangu." Bi Mwanatumu alikuwa bado ananuka moshi. Akamgeukia Bwana Lewis. "Huyu msichana muache. Ni mimi niliyepaka."

Bwana Lewis hakuelewa. "Umepaka nini, mama?"

"Wanja. Watu walikuwa wanaisifu hovyo hovyo, hakuna hata mmoja anayetaja jina la Mungu. Niliogopa. Nikaikinga. Najua mlisema tusiguse, na huyu Beryl aliniambia siku ya kwanza kabisa, nami nikamvunjia amana. Kosa ni langu, mnifanye mtakavyo."

Beryl akafunika uso kwa mikono, na haikujulikana analia au anacheka. Lakini Yusra hakuwa anamsikiliza yeyote wala hakuitazama picha. Alikuwa anamtazama mama yake.

"Ulikuja?" akauliza.

"Nilikuja."

"Lini?"

"Kila Jumanne," akasema Beryl nyuma ya mikono yake. "Tangu mvua ziishe. Anabisha hodi kwanza."

Yusra akakaa kwenye benchi. "Ukaona nini, Mama?"

Na Bi Mwanatumu, ambaye kwenye simu hakuwa na maneno zaidi ya kula na uzima, akasema. Akasema bega la kushoto na jinsi lilivyoteguka. Akasema leso ya arobaini ya baba yake. Akasema jinsi nazi inavyokuwa nyeupe ukisimama ukutani na inavyopotea ukisogea, na kwamba mwanga wa pale uani ni wa alasiri, maana kivuli cha mbuzi ya kukunia kimeelekea kisimani. Akasema kawa. "Ile sahani iliyofunikwa ni yako. Nilikuwa nakupakulia kabla ya watu wote. Sikujua kama ulijua."

"Watu wote huniuliza sahani ile ni ya nani," akasema Yusra. "Sijawahi kumjibu mtu."

Bwana Lewis alikohoa. Alikuwa mkali, lakini hakuwa jiwe. Akasema rangi ya picha imekauka vizuri, wanja haujazama, pamba na mafuta kidogo vitauondoa, na Beryl arudi kazini kwake, na mama huyu ahesabiwe kuwa ameonywa. Yusra akaufuta mwenyewe, polepole, mama yake amesimama kando ameshika roho. Alipomaliza, akaigeuza picha kidogo ukutani. "Paka huku nyuma, Mama. Kwenye ubao, asione mtu." Bwana Lewis akatazama dari. Kwao yeye mwenyewe alilelewa na shanga kiunoni za kukinga jicho hilo hilo, na akaona dari ile inahitaji kuchunguzwa vizuri.

Wengine wakatoka, mama na binti wakabaki kwenye benchi. Bi Mwanatumu akanyamaza kwa muda, lakini safari hii kunyamaza kwake hakukuwa kwa kumsubiri mtu aseme. Alikuwa anatafuta ujasiri.

"Mwanangu, nikuulize, na uniambie kweli. Kwa nini umenichora mgongo? Nilikukosea?"

Yusra alimtazama kama aliyeulizwa kwa lugha ngeni. "Kunikosea? Mama, si wewe uliyenikataza uso?"

"Mimi?"

"Nilipokuwa mdogo. Nilikuchora kwa makaa kwenye ukuta wa jikoni, uso mzima, unacheka. Ukachukua kitambaa cha maji ukaufuta. Ukasema, chora chochote, lakini uso wa mama yako usichore, malaika hawataingia nyumbani. Nikakuahidi." Akachezea kucha zake. "Nimeanza kukuchora mara nyingi tangu siku ile. Kila nikifika usoni naacha. Mwisho nikaona nikuchore kwa nyuma, nisikuasi."

Bi Mwanatumu hakuwa na kumbukumbu ya jambo hilo hata kidogo. Siku yenye masufuria, pengine na msiba, amepita na kitambaa amefuta, amesema neno, ameendelea. Na mtoto amelibeba neno lile mpaka ukubwani, akalishika hata baada ya kuambiwa asilete rangi nyumbani, hata baada ya kuachwa peke yake siku ya furaha yake. Wiki zote zile alizokaa hapa akitafuta hasira, alikuwa ameketi mbele ya utiifu wa mwanawe.

"Ni nzuri," akasema. "Picha yako ni nzuri, Yusra, mashallah. Na mikono iliyoifanya ni mizuri. Nilipaswa kukwambia zamani. Niliogopa jicho la watu nikakunyima langu."

Yusra alijiinamia akalia. Bi Mwanatumu akamngoja, maana kungoja anakujua. Kisha akainuka, akageuka na kuketi upande wa pili wa benchi, picha ikawa nyuma yake, akamwelekea bintiye uso kwa uso. Akaushusha ushungi mabegani kwa mikono yote miwili, nywele za mvi zikaonekana.

"Na uso nimekuruhusu," akasema. "Nitazame."

Yusra akafuta macho, akamtazama.